Mtoto mchanga mwenye chembe sahani chache: kingamwili za mama zitafutwe hata kama mtoto amepona

DAKTARI WA WATOTO (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu,

Ninaandika uzi huu kwa ajili ya wazazi, wakunga, wauguzi na madaktari wenzangu, kuhusu tatizo linalopita mikononi mwetu mara nyingi bila kutambuliwa. Mtoto anazaliwa akiwa ametimiza miezi yake, analia vizuri, ananyonya, hana homa, na mama yake hakuugua wakati wa ujauzito. Baada ya saa chache vinaonekana vidoa vidogo vya rangi ya zambarau kifuani na mapajani, au mahali alipochomwa sindano panaendelea kutoa damu kuliko ilivyo kawaida. Damu yake ikipimwa, chembe sahani zinakutwa ni 18,000 katika kila mikrolita, ilhali mtoto mchanga, hata akiwa njiti, hutarajiwa kuwa na zisizopungua 150,000. Anaanzishiwa dawa za kuua bakteria kwa kuwa inadhaniwa ana maambukizi, anaongezewa chembe sahani, hali inatengemaa, na baada ya wiki mbili au tatu hesabu inarudi mahali pake. Familia inaruhusiwa kwenda nyumbani ikiwa na cheti kinachosema kwamba mtoto alipata maambukizi na amepona.

Sina ugomvi na dawa hizo. Mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na maambukizi apewe dawa bila kuchelewa, kwa sababu maambukizi huua haraka. Ninachopinga ni kufunga jalada wakati uchunguzi wa damu haukuota bakteria yeyote, na mtoto hakuonyesha dalili nyingine ya ugonjwa. Mtoto aliyetimiza miezi, mwenye afya, ambaye chembe sahani zake ziko chini ya 50,000 katika siku zake za kwanza, anapaswa kuchukuliwa kuwa ameathiriwa na kingamwili za mama yake mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo. Mtoto huyu kwa kawaida hupona. Aliye hatarini zaidi ni mdogo wake ambaye bado hajatungwa mimba, na cheti kilichoandikwa vibaya ndicho kinachomnyima kinga.

Nieleze kinachotokea. Chembe sahani ndizo zinazowahi kwenye mshipa uliopasuka na kuziba tundu. Juu yake kuna protini ambazo kila mtu hurithi kwa baba na mama, na baadhi ya protini hizo hutofautiana kidogo sana kati ya mtu na mtu. Tofauti inayosababisha matatizo zaidi, hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya, ni alama iitwayo HPA-1a. Mwenye alama hiyo ana asidi amino iitwayo lusini katika nafasi ya 33 ya protini husika, na asiye nayo ana prolini mahali hapo hapo. Tofauti ni ya asidi amino moja tu katika mamia, lakini inatosha kuufanya mwili wa mama asiye na alama hiyo uzione chembe za mwanawe kuwa ngeni, endapo mtoto ameirithi alama kutoka kwa baba.

Mama huyo anaweza kutengeneza kingamwili za aina ya IgG, na hiyo ndiyo aina ambayo kondo la nyuma huichukua na kuivusha hadi kwa mtoto. Uvushaji huo ni neema kubwa, kwa maana ndio unaomwezesha mtoto kuzaliwa akiwa na kinga ya mama dhidi ya magonjwa mengi. Kwa bahati mbaya kondo halichagui. Linavusha kingamwili inayolinda na inayodhuru kwa njia ile ile, kwa kiasi kidogo tangu mwanzoni mwa miezi mitatu ya kati, na kwa wingi zaidi kadiri mimba inavyokua. Kingamwili zikishashikamana na chembe sahani za mtoto, wengu wake unaziondoa katika damu haraka kuliko uboho unavyoweza kuzizalisha. Chembe za mama mwenyewe hazina alama inayoshambuliwa, hivyo hesabu yake ni ya kawaida, haoni dalili yoyote, na hakuna mtu kliniki anayepata sababu ya kushuku.

Hatari inayotutisha ni damu kuvuja ndani ya kichwa cha mtoto. Miongoni mwa watoto walioathirika vibaya hutokea kwa takribani mmoja katika kumi, na wengine wamekadiria zaidi ya hapo. Sehemu kubwa ya matukio hayo hutokea mtoto angali tumboni, mengine kabla hata ya wiki ya 28, ndiyo maana upasuaji wa uzazi peke yake hauwezi kuwa jibu. Matokeo yake yanaweza kuwa kifo, kupooza kwa ubongo, upofu au kifafa.

Kuna aina ya pili ambayo haipaswi kuchanganywa na hii. Mama mwenye ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia chembe sahani zake mwenyewe, ambao madaktari huuita ITP, naye huvusha kingamwili kwa mtoto. Hapa mama ana historia ya ugonjwa, na kwa kawaida hesabu yake mwenyewe ni ndogo. Mtoto mmoja hivi katika kumi wa akina mama hawa huzaliwa akiwa na chembe chini ya 50,000, lakini kuvuja damu kichwani ni nadra, chini ya mmoja katika mia. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mama ni rahisi na halina gharama: je, chembe sahani zako ziliwahi kuwa chache, na je, uliwahi kuondolewa wengu? Swali hilo la mwisho lina maana yake, kwa kuwa mama aliyeondolewa wengu anaweza kuwa na hesabu nzuri kabisa huku kingamwili zikiendelea kuwamo katika damu yake na kumfikia mtoto.

Karibuni kwa maswali na kwa uzoefu wenu.

MAMA MZAZI

Daktari, shikamoo, na ninakushukuru kwa maelezo. Mwanangu wa kwanza alizaliwa na hali inayofanana kabisa na hiyo uliyoieleza. Nilipouliza kama tatizo lingeweza kutoka kwangu, niliambiwa haiwezekani, kwa sababu ilikuwa mimba yangu ya kwanza na sijawahi kuongezewa damu, na kwamba matatizo ya kingamwili huanza kwa mtoto wa pili. Je, ni kweli?

DAKTARI WA WATOTO

Marahaba, mama. Jibu ulilopewa linatokana na mfano wa Rhesus, yaani mama kutengeneza kingamwili dhidi ya alama ya chembe nyekundu za mtoto, ambao sote tulifundishwa vizuri, na katika ugonjwa huu mfano huo unapotosha. Katika Rhesus, mama hukutana na chembe nyekundu za mtoto hasa wakati wa kujifungua, kwa hiyo wa kwanza husalimika na wanaofuata ndio wanaopata madhara. Katika tatizo hili idadi kubwa ya watoto walioathirika, kati ya robo na nusu kwa makadirio mbalimbali, ni wa mimba ya kwanza.

Sababu inayoelekea kuwa ndiyo ni kwamba protini yenye alama ya HPA-1a haiko kwenye chembe sahani peke yake. Iko pia kwenye tabaka la kondo linalooga katika damu ya mama, kwa hiyo mwili wa mama unaweza kuiona mapema, mimba ikiwa bado changa. Vilevile iko kwenye kuta za mishipa ya damu. Wapo watafiti wanaoona kwamba baadhi ya kingamwili huidhuru mishipa yenyewe, na hilo linasaidia kueleza kwa nini watoto wawili wenye hesabu ile ile wanaweza kupatwa na mambo tofauti, mmoja akavuja damu kichwani na mwingine asipate chochote zaidi ya vidoa.

Kwa hiyo, mama, kutoongezewa damu na kuwa katika mimba ya kwanza hakuondoi uwezekano. Ninakusihi uombe vipimo sasa, hata kama mwanao amekwisha kukua. Kingamwili hizi mara nyingi huendelea kupatikana katika damu ya mama kwa muda mrefu, na hata zikiwa zimepungua kiasi cha kutoonekana, aina ya chembe zako na za baba wa mtoto haibadiliki na inaweza kupimwa wakati wowote.

MKUNGA WA MIAKA MINGI

Daktari, naomba niongeze mambo yanayotuhusu sisi tunaompokea mtoto.

La kwanza ni vidoa. Picha nyingi zilizomo katika vitabu zinaonyesha ngozi nyeupe, na kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi vidoa hivyo havijitokezi namna ile. Ninawafundisha wakunga wadogo watazame kaakaa, sehemu ya ndani ya midomo, viganja, nyayo na sehemu ya ndani ya kope, na wavibonyeze kwa kidole au kwa kipande cha kioo safi. Upele wa kawaida hufifia ukibonyezwa, lakini damu iliyovilia chini ya ngozi haifanyi hivyo. Vidoa usoni na kichwani peke yake vinaweza kutokana na kubanwa wakati wa kuzaliwa, hasa kama kitovu kilizunguka shingo, ila vikienea kifuani, tumboni na miguuni, au vipya vikitokea baada ya mtoto kuzaliwa, damu ipimwe siku hiyo hiyo.

La pili ni uvimbe kichwani. Mtoto aliyezaliwa kwa njia rahisi, bila kifaa chochote, kisha akapata uvimbe mkubwa wa damu kichwani, asiachwe hivi hivi kwa kusemwa kwamba utapungua wenyewe. Hali kadhalika kitovu kinachoendelea kutoa damu.

La tatu ni kwa mama ambaye tatizo lake limekwisha kujulikana. Kifaa cha kufyonza kichwa kisitumike, wala koleo la kuzungusha kichwa, na sindano ya kupimia au ya kufuatilia mapigo ya moyo isichomwe kwenye ngozi ya kichwa cha mtoto. Damu ya kitovu ichukuliwe mara tu baada ya kuzaliwa, na sindano za msuli zisubiri jibu. Vitamini K asinyimwe, lakini daktari aamue apewe kwa njia ipi.

DAKTARI WA WATOTO

Mama mkunga, ninaafiki yote. Nisisitize tu kwamba hesabu ya damu ya kitovu si neno la mwisho. Chembe sahani mara nyingi huendelea kushuka baada ya kuzaliwa, na kwa watoto wa akina mama wenye ITP hufika chini kabisa kati ya siku ya pili na ya tano. Mtoto aliyezaliwa na 90,000 akaruhusiwa siku ya kwanza anaweza kuwa na 25,000 akiwa nyumbani siku ya nne. Apimwe tena na tena mpaka hesabu ianze kupanda bila msaada.

MTAALAMU WA MAABARA

Ninachangia kwa upande wa maabara, kwa kuwa nimeona mkanganyiko mwingi.

Kabla ya jambo lolote, hesabu ndogo ithibitishwe. Damu ya mtoto mchanga huchukuliwa kwa shida, aghalabu kwa kuchoma kisigino, na chembe sahani zikigandamana ndani ya chupa mashine itazihesabu pungufu. Damu itandazwe kwenye kioo na kuangaliwa kwa darubini. Yakionekana mafungu ya chembe zilizogandamana, sampuli nyingine ichukuliwe kwenye mshipa.

Ikishathibitishwa, sampuli zinazohitajika zaidi ni za wazazi. Kwa mama tunatafuta kingamwili dhidi ya chembe za baba na dhidi ya chembe zenye alama zinazojulikana, na kwa wote wawili tunapima aina ya HPA, yaani alama hizo za kurithi za chembe sahani, kwa njia ya vinasaba. Kipimo kinachotegemewa zaidi kutambua kingamwili hizo hunasa protini moja moja ya chembe sahani, kisha huonyesha kingamwili ya mama imeshika protini ipi. Maabara zinazokifanya si nyingi, lakini sampuli husafirishwa, kwa hiyo kukosekana kwa kipimo mahali mtoto alipolazwa kusiwe sababu ya kutochukua damu ya mama. Uchunguzi ukikamilika, jibu linapaswa kuonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba wazazi wanatofautiana kwa alama fulani, na kwamba mama ana kingamwili dhidi ya alama hiyo hiyo. Kutofautiana peke yake si ugonjwa.

Jingine ni kwamba HPA-1a si mwisho wa habari. Katika watu wenye asili ya Ulaya ndiyo inayobeba takribani robo tatu ya matukio au zaidi, ikifuatiwa na HPA-5b, ambayo kwa kawaida huwa na athari nyepesi. Kwa wenye asili ya Afrika na ya Asia, mama asiye na HPA-1a ni nadra zaidi, na hapo tunapaswa kufikiria mambo mengine. Japani, kwa mfano, HPA-4b ina uzito wake. Aidha kuna protini iitwayo CD36, ambayo asilimia chache ya watu wenye asili ya Afrika na Asia ya Mashariki hawana kabisa. Mama asiye nayo anaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake, na kwa kuwa CD36 imo pia katika chembe nyekundu zikiwa bado changa, mtoto anaweza kupungukiwa damu na kujaa maji mwilini akiwa tumboni. Maabara ikitafuta HPA-1a peke yake, ikaikosa na kuandika kwamba hakuna tatizo, itakuwa imeidanganya familia bila kukusudia.

BABA MTARAJIWA

Ninasoma kwa makini, lakini pia kwa hofu. Mke wangu ana ujauzito, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa na chembe 11,000 alipozaliwa. Katika familia kumeanza maneno kwamba damu zetu hazipatani na kwamba tusingeoana. Je, ni kweli kila mtoto wetu ataathirika? Na je, nami nipimwe?

DAKTARI WA WATOTO

Ndugu, maneno hayo yawekwe kando. Hakuna kati yenu mwenye damu mbaya. Kila mmoja ana chembe nzuri zinazofanya kazi yake, zimetofautiana tu, na hakuna aliyesababisha wala angeweza kuzuia kilichompata mtoto wenu wa kwanza.

Kupimwa kwako ni muhimu sana. Ikiwa una nakala mbili za HPA-1a, kila mtoto ataipata na kila mimba inapaswa kuhesabiwa kuwa ya hatari. Ikiwa una nakala moja, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu, na asiyeirithi hataguswa na kingamwili hizo hata zikiwa nyingi kiasi gani. Siku hizi inawezekana kujua mtoto amerithi nini kwa kuchukua damu ya mama tu, kwa sababu ndani yake huelea vipande vya vinasaba vya mtoto. Hakuna haja ya kuingiza sindano tumboni, na ninashauri kipimo hicho pale kinapopatikana, kwa maana kinaweza kuipunguzia familia miezi ya wasiwasi na matibabu yasiyohitajika.

Kama mtoto ameirithi, tiba ipo. Mama hupewa dripu ya imunoglobulini, yaani kingamwili za kawaida zilizokusanywa kutoka kwa wachangia damu wengi, kila wiki, kwa kipimo cha gramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito wake. Matumizi yake katika ugonjwa huu yalianza kuelezwa miaka ya 1980. Inadhaniwa kuwa wingi wa kingamwili hizo hushindana na zile zenye madhara katika kuvuka kondo, na pia hupunguza kasi ya wengu wa mtoto kuziondoa chembe. Haipandishi hesabu kwa kila mtoto, lakini kuvuja damu kichwani kumekuwa jambo adimu kwa waliotibiwa. Madhara ya kawaida kwa mama ni maumivu ya kichwa, uchovu na homa. Mara chache dawa huvunja chembe nyekundu, hasa kwa mama wa kundi A, B au AB, kwa hiyo wingi wa damu yake ufuatiliwe.

Wakati wa kuanza hutegemea kilichompata mtoto aliyetangulia. Kama alivuja damu kichwani, tiba huanza mapema, kati ya wiki ya 12 na ya 16, kwa sababu bila tiba zaidi ya watoto saba katika kumi wanaofuata wenye alama hiyo hiyo hupatwa na jambo lile lile. Kama hakuvuja, wengi huanza kati ya wiki ya 20 na ya 28. Zamani mtoto alikuwa akiongezewa chembe sahani kwa sindano iliyopita tumboni hadi kwenye kitovu, mara nyingine kila wiki. Njia hiyo imeachwa karibu kila mahali, kwa kuwa sindano zenyewe zilikuwa zikiua baadhi ya watoto ambao zilikusudiwa kuwaokoa.

MAMA MWENYE ITP

Daktari, mimi ni yule wa aina ya pili. Nimeishi na ITP tangu ujana wangu na sasa nina mimba ya wiki 30, chembe zangu ni 62,000. Nimeambiwa na watu mbalimbali kwamba lazima nifanyiwe upasuaji ili kumwokoa mtoto, na kwamba nisimnyonyeshe kwa sababu kingamwili zitapita katika maziwa. Naomba ukweli.

DAKTARI WA WATOTO

Mama, yote mawili hayana msingi. Upasuaji haujaonyesha kuwalinda watoto wa akina mama wenye ITP kuliko kuzaa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo njia ya kujifungua iamuliwe kwa sababu za uzazi kama ilivyo kwa mama mwingine yeyote, huku tahadhari alizozitaja mama mkunga zikizingatiwa. Hesabu yako inahusu zaidi usalama wako. Wengi hulenga mama awe na angalau 50,000 wakati wa kujifungua, na madaktari wa ganzi kwa kawaida hutaka 70,000 au 80,000 kabla ya kuchoma sindano ya mgongoni. Zungumza nao mapema, kwa sababu steroidi au imunoglobulini huhitaji siku kadhaa, na pengine wiki, kupandisha hesabu. Hesabu yako, hata hivyo, haitabiri vizuri ya mtoto. Kinachotabiri zaidi ni hali ya watoto wako waliotangulia, kama wapo.

Mnyonyeshe. Hatari yote ya maana ilikuwa kwenye kondo, na maziwa yako hayalingani nalo. Yapo maelezo ya watoto wachache ambao hesabu yao ilichelewa kupanda na maziwa yakashukiwa, lakini hayo ni ya kufikiriwa pale tu ambapo miezi inapita bila nafuu.

Nitofautishe pia hali yako na ile inayowapata wajawazito wengi, ambayo hesabu hushuka kidogo kuelekea mwisho wa mimba, aghalabu ikibaki juu ya 80,000, kwa mama asiye na historia yoyote ya ugonjwa. Hiyo ndiyo sababu kuu ya chembe sahani kupungua katika ujauzito, haimdhuru mtoto, na huisha yenyewe baada ya kujifungua. Kuna akina mama wengi wanaotishwa bure kwa ajili yake.

MWANAFUNZI WA UUGUZI

Daktari, nina maswali mawili. Mtoto akishazaliwa na chembe 15,000, na hatuna chembe sahani zisizo na HPA-1a, tufanye nini? Na kwa nini wajawazito wote wasipimwe kama wanavyopimwa Rhesus?

DAKTARI WA WATOTO

La kwanza lina jibu la moja kwa moja: msisubiri. Chembe zinazolingana, yaani zisizo na alama inayoshambuliwa, ndizo bora, kwa kuwa hudumu zaidi. Zisipokuwepo, mpeni chembe za mchangiaji yeyote anayefaa kwa kundi la damu. Zitaondolewa haraka, lakini hupandisha hesabu kwa saa kadhaa au zaidi, na saa hizo zina thamani. Wengi huongeza pale hesabu inapokuwa chini ya 25,000 au 30,000 kwa mtoto asiyevuja damu, na hulenga kubaki juu ya 50,000, wengine juu ya 100,000, kwa aliyevuja damu kichwani. Chembe za mama mwenyewe zinaweza kutumika, kwa sababu hazina alama, lakini lazima zioshwe ili kuondoa maji ya damu yenye kingamwili, kisha zipigwe mionzi. Imunoglobulini kwa mtoto, gramu 1 kwa kilo kwa siku moja au mbili, husaidia, ila huchukua siku moja hadi tatu kuonyesha nguvu yake, kwa hiyo isichukue nafasi ya kuongeza chembe. Na kila mtoto wa namna hii apigwe ultrasaundi ya kichwa mapema, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu damu iliyovuja akiwa tumboni inaweza kuwapo bila dalili yoyote ya nje.

La pili ni gumu zaidi. Utafiti mkubwa wa Norwei uliochapishwa mwaka 2007 uliwapima wajawazito zaidi ya 100,000. Asilimia 2.1 hawakuwa na HPA-1a, na kati yao mmoja hivi katika kumi ndiye aliyetengeneza kingamwili. Wengi wa waliozitengeneza walikuwa na alama nyingine ya kurithi ya mfumo wa kinga, iitwayo HLA-DRB3*01:01. Maana yake ni kwamba wapo wanawake wengi ambao wangepimwa, wakaambiwa wako hatarini, na wasipatwe na lolote. Isitoshe, sindano ya kuzuia mama asitengeneze kingamwili, kama ile ya Rhesus iliyoanza kutumika mwaka 1968, bado haijapatikana kwa tatizo hili. Watafiti wanaishughulikia, pamoja na dawa zinazofunga mlango wa kondo unaovusha IgG. Kwa maoni yangu, hizo zikithibitika kuwa salama, hoja ya kuwapima wote itapata nguvu ambayo leo haina. Mpaka hapo, tunamtambua mama kwa kupitia mtoto wake wa kwanza aliyeathirika, na ndiyo sababu ninalia na vyeti vinavyoandikwa ovyo. Cheti kitaje hesabu ya chini kabisa na siku ilipofikiwa, jibu la ultrasaundi ya kichwa, vipimo vya wazazi vilivyotumwa na visivyotumwa, na kiseme wazi kwamba mama akipata mimba nyingine aonane na mtaalamu kabla ya wiki ya 12. Nakala ikae katika kumbukumbu za mama, si za mtoto peke yake.

MAMA MZAZI

Daktari, nimerudi. Sikusema mwanzoni kwamba nina mimba ya wiki 17, na baba ni yule yule. Ultrasaundi ya kichwa ya mwanangu haikufanyika alipozaliwa, lakini sasa anatembea na kuzungumza vizuri. Kliniki inayofuata ni baada ya mwezi mmoja. Je, nisubiri?

DAKTARI WA WATOTO

Usisubiri, mama. Nenda wiki hii, wewe pamoja na baba wa mtoto, mkiwa na karatasi zote za mwanao, hasa zile zenye hesabu za damu. Mweleze daktari kwa maneno haya: mtoto wangu wa kwanza alizaliwa akiwa ametimiza miezi, akakutwa na chembe sahani chache bila sababu iliyothibitishwa, na ninaomba tupimwe aina ya HPA na kingamwili. Omba rufaa kwa mtaalamu wa mimba zenye hatari, na umwombe aangalie kichwa cha mtoto aliyemo tumboni kwa ultrasaundi. Kutembea na kuzungumza kwa mwanao ni dalili njema kwamba huenda hakuvuja damu kwa kiasi kikubwa, na kwa hali hiyo bado uko ndani ya muda ambao tiba huanzishwa. Vipimo hivyo vinaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi, kwa hiyo mwezi mmoja wa kusubiri kliniki ndio mwezi unaouhitaji.

Mpaka majibu yatoke, usimeze aspirini wala dawa nyingine ya maumivu ya jamii hiyo bila ruhusa ya daktari wako. Majibu yakitoka, yaandike hapa au unitumie kwa faragha, nami nitakusaidia kuyasoma.